MTAJI, MTAMBO NA AMANI: FUNZO LA MFEREJI WA JONGLEI



Ulaya ya leo inazungumza sana juu ya mtaji wa kuthubutu, yaani fedha zinazowekwa katika kampuni changa ya wavumbuzi na mtu anayejua kwamba huenda asirudishiwe hata senti moja. Wapo wanaodhani kwamba jambo hili liko mbali na Juba. Historia yasema vingine. Ufundi wa hali ya juu wa Ulaya ulikwisha kufika katika nchi hii, ukafanya kazi, kisha ukasimama. Yafaa askari na polisi wetu wajue sababu zake.

Mwaka 1974 serikali za Sudan na Misri zilikubaliana kuchimba mfereji wa Jonglei, wenye urefu wa kilomita 360, kati ya Bor na mdomo wa mto Sobat. Nia ilikuwa kuyapitisha maji ya Nile kando ya mabwawa ya Sudd, yasipotee kwa mvuke. Kiasi cha mita za ujazo bilioni 4 zingeokolewa kila mwaka, na serikali hizo mbili zigawane nusu kwa nusu, kama zilivyogawana gharama.

Kazi ilipewa CCI, kampuni ya Ufaransa. Mtambo wake uliundwa Ujerumani, ukachimba kwanza mfereji nchini Pakistan, kisha ukafunguliwa vipande vipande na kuletwa Sobat. Ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 2,000 na gurudumu la ndoo 12. Uliitwa Sarah. Tangu mwaka 1978 ulisonga kuelekea kusini, ukipasua udongo usiku na mchana.

Lakini dalili ya hatari ilikwisha kuonekana hapa hapa Juba. Mnamo Oktoba 1974 wanafunzi na wananchi waliandamana. Ulikuwapo uvumi kwamba wakulima wa Misri wangehamishiwa kwao, na hofu kwamba malisho na uvuvi vingekauka. Serikali ya jimbo, chini ya Abel Alier, iliutetea mradi. Nguvu ilitumika kuwatawanya waandamanaji, na watu wakapoteza maisha. Barabara zilitulia, lakini swali la mfugaji, jinsi atakavyovusha ng'ombe wake, halikutulia. Mwaka 1981 John Garang, wakati huo ofisa wa jeshi aliyekuwa masomoni Marekani, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya maendeleo ya eneo hilo la Jonglei.

Vita vilianza mwaka 1983. Februari 1984 wapiganaji wa SPLA walishambulia kambi ya kampuni, na kazi ikakoma. Kiasi cha theluthi mbili ya mfereji ilikuwa imechimbwa. Sarah ikaachwa porini, ikaliwa na kutu.

Mwaka huo huo wa 1984, mjini Eindhoven, Uholanzi, ilizaliwa kampuni ndogo ya ASML, itengenezayo mitambo ya kuchora saketi za kompyuta. Mtambo wake mkubwa kuliko yote ulihitaji utafiti wa miaka mingi kabla ya kuleta faida. Mwaka 2012 wateja wake watatu, Intel, Samsung na TSMC, waliingiza fedha zao ili kazi iendelee. Mtaji ule uliweza kusubiri kwa sababu nchi ilikuwa tulivu na sheria zake zinaaminika.

Ndugu askari, bunduki peke yake haiwezi kulinda mradi ambao wenye ardhi hawakuulizwa. Julai 2022, mjadala wa kuchimba mito ulipozuka tena, Rais Salva Kiir aliusimamisha uchimbaji hadi uchunguzi ufanyike. Hiyo ndiyo njia ya busara: kuuliza kwanza, kuchimba baadaye. Polisi amsikilizaye mwandamanaji leo anamwondolea mwanajeshi vita vya kesho, na hapo ndipo mtaji hupata mahali pa kutia mizizi.