Nani Anamsemea Kibarua?

Yako mabishano ya siku nyingi baina ya wachumi, na hata vijiweni kwetu yamefika. Wapo wanaosema kwamba Marekani imeipita Ulaya kwa utajiri kwa sababu vyama vya wafanyakazi vya huko ni dhaifu. Mwajiri huajiri na kufukuza apendavyo, na mali huongezeka. Wengine hujibu kwamba Mjerumani hufanya kazi saa chache kwa mwaka kuliko Mmarekani, likizo yake ya malipo imo katika sheria, na bado mashine zake zinauzwa duniani kote. Juma hili napenda tuyapime maneno hayo kwa historia yetu wenyewe, tukianzia Bagamoyo.

Katika karne ya 19, wapagazi wengi walioshuka Bagamoyo na pembe za ndovu hawakuwa watumwa, ingawa wengi wetu ndivyo tunavyodhani. Walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliopatana ujira na posho kabla ya safari. Mzigo ulikuwa na kipimo chake cha desturi, kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32. Mwenye msafara akizidisha uzito au akipunja posho, mizigo ilitupwa chini, au kulipokucha alikuta watu wametoroka. Chama hawakuwa nacho, wala kadi. Walichokuwa nacho ni mabega, na bila mabega hayo hakuna pembe iliyofika pwani.

Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliitumia nguvu ya namna hiyohiyo. Waligoma mwaka 1939 bila kupata la maana. Septemba 1947 wakagoma tena, na safari hii mgomo ulipanda reli ukaenda bara. Ujira wao ukapandishwa sana, wakaunda chama. Mwaka 1950 chama hicho kiligoma, fujo zikatokea, nacho kikavunjwa. Hata hivyo mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la TFL, katibu mkuu wake wa kwanza akiwa Rashidi Kawawa.

Kipimo chetu cha kweli, lakini, ni mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zao hilo liliajiri zaidi ya watu 100,000, na Tanganyika iliongoza dunia kwa kulizalisha. Wengi walikuwa manamba, wanaume walioletwa kutoka mikoa ya mbali bila wake zao, wakihesabiwa siku 30 za kazi katika kipande kabla ya kulipwa. Migomo ikaanza, ule wa Mazinde mwaka 1958 ukiwa mmoja wa mikali. Chama cha wafanyakazi wa mashamba kikapata nguvu, na mwaka 1963 kima cha chini cha mshahara kikaanza kutumika nchini.

Matokeo yake? Waliobaki kazini walilipwa vizuri zaidi, na wenye mashamba wakapunguza watu kwa maelfu. Anayevilaumu vyama atasema: mnaona! Mimi nasema tutazame vizuri. Ajira iliyokufa kwanza ni ile ya unamba, ambayo ilikuwa rahisi kwa sababu gharama ya kumlea mke na watoto iliachwa kijijini. Na bei ya mkonge ilipoporomoka katika miaka iliyofuata, nyuzi za viwandani zilikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo. Nyuzi hizo hazikuletwa na mgomo wa mtu.

Chama hakikupewa muda wa kujifunza. Sheria ya 1962 iliibana migomo. Januari 1963 kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba, Victor Mkello, alipelekwa Sumbawanga akae huko. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL ikavunjwa na NUTA ikaundwa, huku Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza, akiwa ndiye Katibu Mkuu wake. Mfanyakazi mwenye shauri na serikali alikwenda kumlalamikia nani?

Linganisheni na wenzetu. Sheria ya Ujerumani ya 1951 iliwapa wafanyakazi wa makaa ya mawe na chuma nusu ya viti katika baraza linalosimamia kampuni. Wafaransa wenye kadi ni wachache, lakini mikataba ya vyama vyao huwafunika karibu wafanyakazi wote. Marekani mapatano hufanywa zaidi kampuni kwa kampuni, na asiye na chama hubaki nje. Mwaka 2024 waliokuwa na chama hawakufika mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo msiniulize chama kina wanachama wangapi. Niulizeni kimekalishwa wapi wakati mali inapogawanywa.

Sheria yetu ya 1998 ilivirudishia vyama uhuru wa kujiunda. Lakini nendeni Kiwangwa, kwenye mananasi. Kibarua hupalilia leo kwa huyu, kesho kwa yule, kwa kipande cha shamba walichopatana kwa mdomo. Mwenye shamba mwenyewe ana ekari chache, na nanasi likishaiva haliwezi kungoja. Kibarua akiweka jembe chini, anamgomea mtu anayesimama kando ya barabara ya Msata akibembeleza bei kwa mwenye lori.