Kutoka Kimya hadi Kauli: Historia ya Ushauri Nasaha Kuhusu Kifo cha Ghafla cha Kifafa

Makala hii inafuatilia jinsi madaktari walivyotoka kwenye kunyamaza hadi kusema kuhusu jambo zito: kwamba mwenye kifafa anaweza kufa ghafla, mara nyingi usingizini, na uchunguzi wa maiti usione sababu nyingine. Tunadai kwamba kimya hicho hakikutokana na kutojua. Kilikuwa uamuzi, na walioupinga kwa nguvu zaidi ni waliofiwa.

Mwaka 1868, daktari G. M. Bacon aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu namna wagonjwa wa kifafa wanavyokufa. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, wagonjwa wengi hawakuelezwa, kwa hoja kwamba wangeingiwa na hofu bure. Nchini Uingereza, familia zilizofiwa ziliunda shirika la Epilepsy Bereaved mwaka 1995. Mwaka 1997 Lina Nashef alichapisha fasili ya kitabibu ya kifo hicho, na mwaka 2004 mwongozo wa kitaifa wa tiba ukaagiza taarifa hiyo iwe sehemu ya ushauri nasaha. Agizo halikutosha: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha kwamba ni asilimia 5 tu ya madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu waliohojiwa nchini humo waliozungumzia suala hilo na wagonjwa wao wote.

Mwaka 2017 mwongozo wa Marekani uliingia katika lugha yenyewe. Uliwataka madaktari waseme kwamba kwa mwaka mmoja kifo hiki humpata mtu mzima 1 kati ya 1,000 wenye kifafa, na pia waseme kwamba 999 hakiwapati. Kwa watoto ni 1 kati ya 4,500. Uliwataka vilevile waeleze kwamba kudhibiti mitukutiko mikubwa ya mwili mzima hupunguza hatari.

Kwa Kiswahili, kauli hiyo ina mitego yake. Sikio la msemaji husikia kitenzi "kufa" ndani ya jina "kifafa". Neno "hatari" hutaja jambo la kuogofya kabla ya kutaja kiwango chake. "Unaweza kufa" yaweza kupokewa kama utabiri. Daktari anayetafsiri nusu ya kwanza ya kauli na kuiacha ya pili humpa mgonjwa hukumu badala ya ushauri.

Tena, nakala ya ng'ambo pekee haitoshi. Kule Mahenge, Tanzania, Louise Jilek-Aall na Henry Rwiza waliripoti mwaka 1992 kuhusu wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30: asilimia 67.1 walikuwa wamefariki. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni mitukutiko isiyokoma, kuzama majini na kuungua moto. Kwetu, basi, mazungumzo ya kifo cha ghafla hayatenganiki na ya jiko la mafiga, mto na dawa iliyokatizwa.

Tunapendekeza wizara za afya za ukanda huu ziandae, pamoja na wanaisimu, wauguzi na wagonjwa wenyewe, matini fupi ya ushauri kwa Kiswahili: itaje uwezekano kwa namba zote mbili, kisha itaje la kufanya. Mgonjwa aliyefichwa hatari hunyimwa pia sababu ya kutoruka dozi.