Watalii Walipoadimika, Marubani Wakateremshwa

Aprili 11, 2020 Tanzania ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje ya nchi. Zuio liliondolewa Mei 18, lakini wageni hawakurudi. Mwaka 2019 nchi ilikuwa imepokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walifika 620,867 tu. Katika viwanja vidogo vya kaskazini, ambako mkate wa rubani hutegemea viti vilivyopata watu, pengo hilo lilikuwa na maana moja. Watu wenye leseni, afya njema na saa nyingi za kuruka waliambiwa wakae nyumbani.

Mkulima wa vitunguu swaumu wa Bashay au mfugaji wa Basotu hakuwa na sababu ya kuzijua kampuni za ndege ndogo zilizowaajiri. Ndege zao za ratiba hazitui Katesh, wala Dongobesh, wala Mbulu mjini. Rubani anayetoka Arusha kwenda Ruaha huuona Mlima Hanang upande wake wa kulia, mita 3,417 za mwamba na msitu, akapita zake. Hata hivyo mtu akiifuata historia ya anga la huku, atakuta kwamba kila utalii ulipoanguka, wilaya zetu mbili, Mbulu na Hanang, zilipoteza kitu ambacho hazikukilipia na ambacho hakuna aliyekiandika popote: watu wanaojua kutua huku.

Tuanze na kiwanja chenyewe. Kiwanja cha ndege cha Ziwa Manyara kiko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, hatua chache kutoka mahali ambapo ardhi inakatika ghafla kuelekea ziwani. Leo kiko Karatu, Mkoa wa Arusha. Lakini Karatu yote ilikuwa sehemu ya Mbulu hadi miaka ya 1990, na Mkoa wa Manyara ulizaliwa 2002 tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia yake ni historia ya Mbulu. Hifadhi ya Ziwa Manyara ilitangazwa mwaka 1960.

Ndege zilikwishapita jirani kabla ya hapo. Januari 1932 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilifungua njia ya kwenda Cape Town, likitua Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwaka 1937 shirika likahamia kwenye ndege za majini, njia ikahamishiwa pwani, na vituo vya bara vikabaki na nyasi. Huo ulikuwa mpangilio wa kwanza wa anga letu kubadilishwa na uamuzi uliofanywa mbali, na haukuwa wa mwisho.

Kilichofuata kilikuja kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1955 wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei walifungua hospitali Haydom, magharibi mwa Mbulu, mahali ambapo wakati wa masika barabara ilikuwa ya kuombea. Miaka miwili baadaye, 1957, madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari warukao iliyokuja kuitwa AMREF, wazo lililoiva shambani kwa Wood chini ya Kilimanjaro. Haydom nayo ikapata kiwanja chake, na kwa miaka mingi ndege za shirika la kimisheni la MAF zimetua pale, zikibeba wagonjwa na kupeleka wauguzi na chanjo kwenye jamii za mbali.

Inafaa kueleza kutua huko kulivyo, maana ndipo lilipo shauri lote. Kiwanja ni cha udongo. Rubani hupita kwanza chini chini kutazama kama kuna ng'ombe au mbuzi, kama mvua ya jana imeacha matope, na kifuko cha upepo kinaelekea wapi. Watoto hukimbia kuswaga mifugo. Kisha anazunguka na kuja mara ya pili. Haydom na Mbulu ziko juu sana, zaidi ya mita 1,600, na hewa ya huko mchana wa jua ni nyepesi. Injini hupungukiwa nguvu, bawa hupungukiwa mshiko, na ndege ile ile iliyoruka vizuri kutoka Dar es Salaam hudai njia ndefu zaidi na mzigo mdogo zaidi. Vitabu vya hesabu hizo vipo, lakini kujua kwamba upande fulani wa kiwanja hutota mapema, au kwamba upepo hugeuka saa nane, hutoka kwa rubani aliyekwishatua hapo mara nyingi na kumwambia anayemfuata.

Maarifa ya aina hiyo yalipata pigo kubwa Februari 1977. Shirika la ndege la East African Airways lilisimama, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na kabla mwaka haujaisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande huu zilizuiwa. Mpaka wakati huo mgeni wa Manyara, Ngorongoro na Serengeti alikuwa akitokea Nairobi, ingawa uwanja wa Kilimanjaro ulikuwa umefunguliwa mwaka 1971 ili kuigeuza njia hiyo. Air Tanzania iliundwa Machi mwaka huo huo, lakini shirika changa halikuweza kurithi kazi zote za shirika la nchi tatu. Zikafuata vita vya Kagera na bei ya mafuta. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983.

Katika miaka hiyo ya ukame wa wageni, ndege ziliendelea kuonekana kwa kazi mbili ambazo hazikumtegemea mtalii: dawa na shamba. Hanang ilikuwa nchi ya ngano. Kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lililima maelfu kwa maelfu ya ekari za uwanda wa Basotu, ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa Wabarabaig, jeraha ambalo halijapona. Kwelea kwelea wakivamia nafaka, nchi hutegemea ndege za DLCO-EA, shirika la nchi za kanda hii lililoanzishwa mwaka 1962 kupambana na nzige. Rubani wa kunyunyizia dawa na rubani wa misheni walilipwa na serikali na wafadhili. Biashara ilipolala, wao hawakulala.

Milango ilifunguliwa miaka ya 1990. Kampuni ya Coastal ilikuwepo tangu 1987, Precision Air ikaanzishwa 1991, Auric Air ikafuata Mwanza mwaka 2001, na Arusha ikajaa ndege za Cessna Caravan: injini moja, magurudumu yasiyokunjwa, abiria kumi na wawili hivi. Hizo hufanya kazi kama daladala, zikishusha na kupakia Manyara, Seronera na vituo vinavyofuata. Huko ndiko kijana wa Kitanzania aliyehitimu na saa 200 tu hupata pa kukomaa. Ili afikie leseni ya juu ya rubani wa mashirika makubwa anatakiwa saa 1,500, na saa hizo hulipiwa na mgeni wa Ujerumani au Marekani anayekwenda kutazama nyumbu. Mashambulizi ya Agosti 1998 Dar es Salaam na Nairobi, na yale ya Septemba 2001 Marekani, yaliitikisa biashara hii bila kuiangusha.

2020 iliiangusha. Dunia nzima marubani wa kampuni ndogo ndio walioanza kwenda: nchini Uingereza Flybe ilikufa Machi, nchini Marekani Trans States na Compass zilifunga Aprili, na ExpressJet ikafuata Septemba. Kwetu mwendo ulikuwa wa polepole na wa kimya. Ilianza na likizo bila malipo, kwa sababu Aprili na Mei ni miezi ya mvua ambayo kazi hupungua kila mwaka. Ikaja nusu mshahara. Juni ilipofika na msimu mkubwa haukufika, mikataba iliyoisha haikuandikwa upya. Wizara ya Maliasili na Utalii ilikuwa imekadiria kwamba ajira za moja kwa moja za utalii zingeshuka kutoka 623,000 hadi 146,000.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao. Kiinua mgongo chake ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa kazi, ukomo miaka kumi. Rubani aliyefanya kazi miaka mitatu huondoka na siku ishirini na moja, na yule ambaye mkataba wake wa muda umekwisha wenyewe hana madai hayo. Fao la kukosa ajira la NSSF hutoa theluthi ya mshahara kwa miezi sita, na mwanachama awe amechangia angalau miezi kumi na minane. Naiona hiyo ni haki ndogo mno kwa kazi inayooza mikononi ukiiacha.

Maana inaoza kweli. Rubani asiyeruka na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita haruhusiwi kubeba abiria. Cheti cha afya kina tarehe ya mwisho. Mtihani wa kuthibitisha ujuzi hurudiwa kila baada ya miezi michache, ndani ya ndege au katika mashine ya mazoezi, na gharama yake ni ya fedha za kigeni. Kampuni ikikuajiri inalipa. Ikikuachisha, unalipa mwenyewe kwa akiba ambayo ndiyo inalisha nyumba. Marubani wa kigeni walirudi kwao. Wengine walisubiri huku kurasa za daftari lao la safari, zenye safu za tarehe, namba ya ndege inayoanza na 5H, mahali pa kuruka, mahali pa kutua na saa, zikibaki tupu.

Watalii wamerudi. Walikuwa 922,692 mwaka 2021, 1,454,920 mwaka 2022, na 2,141,895 mwaka 2024. Ndege zimejaa na kampuni zinatafuta watu wenye saa. Lakini kila rubani mzoefu aliyepotea mwaka ule ameacha kiti ambacho mwenye saa 200 hawezi kukikalia peke yake. Kijana huyo huruka kwanza kando ya rubani mkuu, kiwanja kwa kiwanja, masika na kiangazi, mpaka mkuu huyo aweke saini kwamba sasa anaweza kuachiwa Manyara bila mwangalizi.