Safari Usizolazimika Kwenda: Historia Fupi ya Kuharakisha Intaneti Nyumbani Kwetu Jinja

Nilizaliwa Jinja, mahali Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria, na sasa ninasoma Kiswahili katika chuo kimoja mjini Mbale. Safari kati ya miji hii miwili hupita Iganga, kisha hufuata barabara ya Tirinyi. Katika muhula wangu wa kwanza nilisahau kitabu nyumbani, nikalazimika kurudi kukichukua. Gari lilikwenda mbio, lakini siku nzima ilipotea. Naikumbuka safari hiyo kila ninapoifikiria intaneti. Watu wengi hudhani kwamba kompyuta ya nyumbani ikiwa nzito mtandaoni, dawa ni kutafuta gari la kasi zaidi. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba, katika historia yetu, watu walipata kasi zaidi kwa kupunguza safari zenyewe.

Jambo hili nilijifunza kwa shida. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 2022. Dada yangu alikuwa mtahiniwa wa kidato cha nne. Mama anauza nguo sokoni, na mwezi huohuo wauzaji wa vitu visivyo chakula walikatazwa kuuza. Nyumbani tulikuwa na kompyuta moja kuukuu na modemu ndogo ya kuchomeka. Masomo ya kujisomea yalikuwa yanawekwa mtandaoni, na Mama alitoa akiba yake kununua bando la wiki moja.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa kompyuta. Rafiki aliniambia kwamba ili iwe nyepesi, kila jioni nifute kila kitu ambacho kivinjari kimehifadhi, "ipate kupumua". Nilifanya hivyo kwa bidii. Kurasa zilizidi kuwa nzito, na bando la wiki likaisha siku ya nne. Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba pesa nyingine hakuna mpaka soko lifunguliwe. Dada yangu alifunga daftari lake akatoka nje.

Siku iliyofuata alikuja mjomba wangu, ambaye anaishi mtaa wa jirani. Miaka ya 2000 alifanya kazi katika kafe moja ya intaneti mjini Jinja. Alikaa mbele ya kompyuta, akatazama kwa muda, kisha akauliza, "Nani anafuta akiba ya kivinjari?"

Nikajibu kwa fahari, "Ni mimi, Mjomba."

"Basi mwanangu, kila asubuhi unaipeleka kompyuta hii ng'ambo kuchukua vitu vilevile ilivyovichukua jana. Na kila safari mama yako analipa nauli."

Alinieleza kwamba kivinjari kinapofungua ukurasa kwa mara ya kwanza, huhifadhi katika diski nakala za picha, nembo na faili zinazopanga sura ya ukurasa huo. Ukirudi kesho, huchukua nakala hizo nyumbani na kuomba mtandaoni vile vilivyobadilika tu. Kufuta akiba kunafaa pale diski inapojaa, au ukurasa unapokataa kufunguka vizuri. Kufuta kila siku ni sawa na kutupa sukari iliyobaki jikoni, halafu kwenda dukani kununua nyingine.

Nilimwuliza alijifunza wapi. Jibu lake lilikuwa historia ambayo sikuwahi kufundishwa darasani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua pepe za Chuo Kikuu cha Makerere zilikusanywa kwanza kwenye kompyuta moja. Kisha simu ilipigwa hadi London, na barua zote zikaenda kwa mkupuo mmoja. Simu ya kimataifa ilikuwa ghali, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuipiga kwa ajili ya barua moja. Hiyo ndiyo mbinu ya kwanza ya kasi tuliyokuwa nayo: kubeba mizigo mingi katika safari moja.

Baadaye ulikuja wavuti kupitia waya wa simu. Modemu nzuri ya wakati huo ilikuwa ya kilobiti 56 kwa sekunde. Hesabu ni rahisi. Picha ya kilobaiti 100 ina kilobiti 800, kwa hiyo ilihitaji zaidi ya sekunde 14 hata pale waya ulipokuwa safi. Ukurasa wenye picha tano ulimaliza dakika nzima na zaidi. Ndiyo maana watu walizima picha katika vivinjari vyao, wakasoma maneno peke yake.

Tena, kabla ya mwaka 2009 Uganda haikuwa na njia ya mkongo kufika baharini. Mawasiliano yetu na dunia yalitegemea madishi ya satelaiti. Satelaiti hizo hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ombi la ukurasa hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka vilevile. Jumla ni kilomita 144,000 hivi, na hata mwanga huchukua karibu nusu sekunde kuzimaliza. Nusu sekunde ni kidogo, lakini ukurasa mmoja huweza kuomba vitu vingi, kimoja baada ya kingine. Hapo ndipo mteja wa kafe alipoanza kupiga meza.

Kafe alikofanya kazi Mjomba ilitumia programu iitwayo Squid, iliyoanza mwaka 1996 na inayotolewa bure. Iliwekwa kwenye kompyuta moja iliyosimama kati ya wateja na dishi. Mteja wa kwanza akifungua gazeti asubuhi, nakala ilibaki hapo. Mteja wa pili akiliomba gazeti hilohilo, alipewa nakala ya Jinja wala hakungoja satelaiti. Mjomba anasema wateja walidhani kafe yao ina dishi kubwa kuliko za wengine. Mbinu hiyo leo haina nguvu kama zamani, kwa sababu kurasa nyingi sasa husafiri zikiwa zimefungwa kwa siri, na kompyuta ya katikati haiwezi kuzisoma. Lakini akiba iliyo ndani ya kivinjari chako ingali inafanya kazi ileile.

Mwezi wa Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulizinduliwa, ukipita chini ya bahari na kufika Mombasa. Kutoka huko mawasiliano yalipanda bara mpaka kwetu, kama reli ilivyofanya zamani. Serikali nayo ilikuwa ikijenga mkongo wake wa ndani. Awamu ya kwanza iliunganisha Kampala, Entebbe, Bombo, Mukono na Jinja. Mbale ilisubiri awamu ya pili, pamoja na miji kama Busia, Tororo na Soroti.

Je, mkongo ulimaliza tatizo? Ulileta mwendo, hilo siwezi kulikana. Lakini kurasa zenyewe zilinenepa: zikajaa picha kubwa, matangazo na video zinazoanza bila kuombwa. Gharama nazo hazikuondoka. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Watu wengi waliikwepa kwa VPN, ambayo huyazungusha mawasiliano kupitia nchi nyingine. Waliokoa shilingi, lakini wakarefusha njia. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya data. Kwa familia kama yetu, kila megabaiti iliendelea kuwa na bei yake.

Turudi nyumbani. Soko lilipofunguliwa na Mama akanunua bando jingine, Mjomba alikuja tena. Hakuleta kifaa chochote kipya. Aliacha akiba ya kivinjari ijae. Alizima picha na video zinazojianzisha. Aliondoa programu tatu zilizokuwa zinajiwasha kompyuta inapowaka na kuvuta data kimyakimya. Alitukataza kufungua kurasa kumi kwa pamoja, kwa maana kumbukumbu ya kompyuta yetu ilikuwa ndogo, na ikijaa kila kitu hujikokota. Masomo yalipakuliwa mara moja tu, yakawekwa kwenye flashi, na watoto wa majirani wakaja kuyanakili bure.

Kisha alinipa daftari. "Usiniamini," alisema. "Pima." Nilitumia saa ya mkononi. Ukurasa wa masomo uliokuwa unachukua sekunde 40 ulifunguka kwa sekunde 11 siku ya pili. Bando lilimaliza wiki na kubakiza kidogo. Dada yangu alirudi shuleni Oktoba 2020 pamoja na watahiniwa wengine, akafanya mtihani Machi 2021. Sidai kwamba alifaulu kwa sababu ya kompyuta, maana alisoma mwenyewe usiku kwa usiku. Ninachojua ni kwamba zile siku tatu alizokaa bila masomo zilitokana na mkono wangu, na hazikujirudia.

Kafe ya Mjomba ilifungwa simu za mkononi zilipoenea. Mahali pale sasa panauzwa viatu. Ujuzi wa watu kama yeye haumo katika vitabu vyetu vya historia, ingawa ndio waliofanya intaneti itumike Jinja na Mbale wakati njia ilikuwa ndefu na nyembamba. Hapa bwenini Mbale ninaona wenzangu wakifuta akiba ya kivinjari kila usiku, kama nilivyofanya mimi. Huwa sibishani nao. Nalitoa lile daftari, nawapa saa, nawaambia wapime.