Herufi Kumi na Nne: Unix Ilipoingia Kwenye Kompyuta Ndogo

Wengi wetu huku ughaibuni tumehifadhi picha za harusi, mihtasari ya vikao na sauti za wazee wetu ndani ya kompyuta, bila kujiuliza mashine inakumbukaje mahali ilipoviweka. Kazi hiyo ni ya mfumo wa mafaili. Sisi tuliosomea uhandisi ugenini tunaona historia yake inafaa ijulikane na kila mtu, maana mipaka iliyowekwa na waliotangulia imewagharimu waliokuja nyuma yao.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Toleo lake la Saba, la mwaka 1979, ndilo lililozaa nyingi kati ya Unix za kompyuta ndogo, ikiwemo Xenix ya Microsoft iliyotangazwa mwaka 1980. Watoto walirithi mali na madeni. Kila faili lilipewa baiti 16 katika orodha: 2 za namba yake na 14 za jina. Namba ya baiti 2 haiwezi kuzidi 65,535, hivyo mafaili yakifika hapo diski haipokei jipya hata kama ina nafasi tele.

Jina nalo lilileta balaa la kimya. Herufi zilizozidi 14 zilikatwa bila onyo. Tuseme katibu wa chama aliandika faili mkutano_wa_mwaka_1985, na mwaka uliofuata akaandika mkutano_wa_mwaka_1986. Kwa mashine, yote mawili ni mkutano_wa_mwa. Muhtasari wa pili ungeandikwa juu ya ule wa kwanza, na kazi ya mwaka mzima ingekwenda na maji.

Tusiwalaumu waliobuni. Kumbukumbu ilikuwa ghali na diski zilikuwa ndogo. Hata mwaka 1985, AT&T ilipotoa kompyuta yake iliyoitwa UNIX PC, diski yake ilikuwa ya megabaiti 10 au 20 tu. Kila baiti ilihesabiwa kama senti ya mjane.

Huko Berkeley, California, Marshall Kirk McKusick na wenzake waliandika mfumo mpya uliotoka na 4.2BSD mwaka 1983. Jina liliruhusiwa kufika herufi 255, na maelezo ya faili yakawekwa karibu na faili lenyewe, ili kichwa cha diski kisihangaike huku na huko. Lakini mashine zilizouendesha zilikuwa za bei kubwa. Mwenye kompyuta ya mezani aliendelea kusubiri.

Mwaka 1987 Andrew Tanenbaum, mwalimu wa chuo kikuu mjini Amsterdam, alitoa Minix kwa ajili ya kufundishia. Nayo ilibaki na herufi 14, na diski haikuweza kuzidi megabaiti 64. Linus Torvalds alipoanza Linux huko Helsinki mwaka 1991, aliazima mfumo huohuo. Mwaka 1992 Rémy Card aliandika mfumo wa ext, wenye majina ya herufi 255 na diski ya gigabaiti 2. Mwaka 1993 ukafuata ext2.

Hata ext2 ilikuwa na udhaifu tunaouelewa vizuri sisi tuliotoka kwenye mgao wa umeme. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mashine ilibidi ikague diski nzima ilipowashwa tena. Ext3, iliyoingizwa rasmi katika Linux mwaka 2001, ilianza kuweka daftari: inaandika kwanza inachokusudia kufanya, ili ikizimika ijue pa kuendelea. Hata hivyo mifumo hiyo miwili inahesabu muda kwa namba ya biti 32, ambayo itafika ukingoni tarehe 19 Januari 2038.

Kwa hiyo, ndugu, aliye na diski za zamani zenye kumbukumbu za familia au za chama asingoje. Azihamishe sasa, ahesabu kama mafaili yaliyofika ni idadi ileile ya yaliyoondoka, afungue kila moja aone kama linasomeka, kisha aweke nakala nyingine katika nyumba ya pili.