Shimo Moja, Grini Mbili: Nyasi Zilivyochora Viwanja vya Gofu vya Japani

Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18. Sasa hebu jiulize: kwa nini viwanja vingi vya Japani vilijengwa na grini 36? Grini, kwa asiyecheza gofu, ni kile kipande cha nyasi fupi kabisa palipo na shimo lenyewe. Kwingineko kila shimo huwa na grini yake moja. Japani waliweka mbili, ubavu kwa ubavu. Wala si ufahari, ni hali ya hewa.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1901 Arthur Hesketh Groom, mfanyabiashara Mwingereza wa Kobe, alitengeneza mashimo manne juu ya Mlima Rokko. Mwaka 1903 ikazaliwa hapo klabu ya kwanza ya gofu nchini humo. Grini zake za awali hazikuwa na nyasi kabisa, zilikuwa za mchanga ulioshindiliwa.

Unaona shida? Mchezo huu ulikulia Uskoti, kwenye baridi na manyunyu. Nyasi zinazopendwa kwa grini, yaani benti, ni laini na mpira hubingirika juu yake bila kuyumba. Ila kwa namna zinavyofanya usanisinuru, benti ziko kundi moja na ngano na mpunga. Joto likizidi, chakula zinachotengeneza hupungua, mizizi hufupika, na unyevu huleta magonjwa ya kuvu. Kiangazi cha Japani kina joto na unyevu vyote viwili.

Nyasi za korai ziko kundi la mahindi na miwa, kwa hiyo jua kali halizisumbui. Lakini baridi ikiingia zinalala na kukauka rangi. Tena jani lake ni gumu, mpira hauendi vizuri.

Basi wakapanda zote, grini moja kwa kila aina. Moja ikichezewa, nyingine inapumzika.

Gharama yake haikuwa ardhi na wafanyakazi tu. Mbunifu hupanga mashimo ya mchanga ili mchezaji alazimike kuchagua njia ya kufikia grini. Grini zikiwa mbili, mtego uliopangwa kwa moja unaweza usiwe na kazi kwa nyingine.

Klabu ya Kasumigaseki, iliyofunguliwa mwaka 1929, iliishi na mfumo huo miaka mingi. Mwaka 2016 uwanja wake wa Mashariki ulijengwa upya, grini moja kwa kila shimo, na ndipo ilipochezwa gofu ya Olimpiki mwaka 2021. Aina mpya za benti zinazovumilia joto zimeziwezesha klabu nyingi kufanya hivyo.

Lakini kiangazi cha Japani kinazidi kuwa kikali. Benti zikishindwa sasa, hakuna tena korai pembeni ya kuzishikia zamu. Kwa hiyo ukiona picha ya zamani yenye grini mbili, usicheke. Ile ya pili ilikuwa bima.