Dada Yake Mozart

Tukisikia jina la Mozart twamwaza Wolfgang tu. Baba yao Leopold, mpiga fidla wa Askofu Mkuu wa Salzburg, alizaa watoto 7, wakapona wawili. Mwaka 1759 alimpa binti yake Maria Anna daftari la nyimbo za kinanda. Mdogo wake akajifunza katika daftari lile lile. Toka 1763 hata 1766 baba aliwazungusha Ulaya wote wawili, wakasifiwa. Lakini mwaka 1769 akaenda Italia na mwana tu. Binti akabaki nyumbani na mama. Twajua, safari ni gharama. Hata hivyo urithi ule uligawiwa vibaya. Maana mwaka 1770 Wolfgang alimsifu dada kwa barua, kwa wimbo aliotunga mwenyewe. Wimbo huo umepotea. Maria Anna alifundisha watoto kinanda hata uzeeni, akafa 1829.